Umebadilisha Pedi, Breki Bado Zinalia

Kamwene kwa mliotoka upande wa Iringa na Njombe. Mugonile, ndugu zangu wa Rungwe na Kyela. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wengine wote, habari za mchana.

Mwenyekiti wa kikundi aliponipigia simu alitaka nizungumzie usalama barabarani. Nikamwomba anipe ruhusa nichukue kitu kimoja tu ndani ya hilo: mlio wa breki. Breki zilizochakaa kila mtu anajua dawa yake. Mimi nataka tuzungumze kuhusu breki mpya, zile ulizozifunga mwenyewe Jumamosi uani, ukanawa mikono, ukalizungusha gari mtaani, halafu kwenye kona ya kwanza ukakanyaga, likapiga mluzi hadi watoto wakageuka.

Ninaowaona hapa wengi ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mchele, wakulima wa viazi na parachichi. Siku hizi mnanunua pedi Mwanjelwa, mnamtazama mtu kwenye simu akibadilisha, nanyi mnapiga jeki. Sikuja kuwakataza. Mtu aliyewahi kuishika breki ya gari lake kwa mikono yake huendesha kwa adabu zaidi, nimeliona hilo miaka yote ya gereji. Ombi langu ni moja: zikilia, msikimbilie dukani kununua seti nyingine. Magari yanayoletwa kwangu yakiwa na seti ya pili au ya tatu ndani ya mwezi mmoja, mara nyingi pedi hazina kosa. Kosa liko kwenye vile ambavyo havikuguswa: pini za kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, hazikutolewa, kutu haikukwanguliwa, diski ya zamani, ile sahani inayobanwa na pedi, haikupimwa. Pedi mpya imewekwa kwenye nyumba chafu, nayo inalalamika.

Na sisi wa huku hatuna nafasi ya kupuuza malalamiko hayo. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa pale Matema liko chini ya mita 500. Kila anayetoka hapa Uyole kwenda Kyela anashuka zaidi ya kilomita nzima kwenda chini, na kinachomzuia ni vipande vinne vya pedi mbele na breki za nyuma, basi. Ukienda Tunduma kuna Iwambi. Ukienda Iringa kuna Mlima Nyoka hapo karibu, na ukivuka Iringa kuelekea Dar es Salaam, Kitonga inakusubiri. Kwa hiyo mlio wa breki huku kwetu msiuchukulie kama kelele ya kuaibisha mbele ya majirani. Ni taarifa.

Sasa taarifa hiyo inasomwaje? Mimi gari likiingia silifungui kwanza. Namwuliza mwenyewe swali hili: mlio unatoka mguu ukiwa kwenye pedali, au hata ukiwa umeutoa? Hapo peke yake nusu ya kazi imekwisha.

Kama linakwaruza muda wote, iwe umekanyaga au hujakanyaga, na mkwaruzo unaongezeka kasi gurudumu likizunguka haraka, usianze na pedi. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kukinga vumbi na maji. Lile bati ni laini, wakati wa kuhangaika na bolti za kalipa mkono unaliegemea, linapinda, linagusa diski. Unalivuta kwa vidole, limenyooka, mlio umekwisha. Au ni kokoto. Anayepita barabara za vumbi za vijijini anajua: kokoto ndogo inajibana kati ya diski na lile bati, inatoa sauti kali ya kutisha, utadhani gari linakatika vipande. Rudi nyuma taratibu mita chache, halafu mbele, mara nyingi inadondoka yenyewe. Mama mmoja alikuja kwangu akilia machozi kwa ajili ya kokoto. Sikumtoza kitu.

Kama ni mvumo mzito unaobadilika ukikata kona kushoto au kulia, hiyo mara nyingi ni beringi ya gurudumu, ilikuwepo hata kabla hujabadilisha pedi. Ni kwamba sasa umeanza kusikiliza.

Kama linagonga, yaani "ko!" moja kila ukikanyaga au ukibadilisha kutoka mbele kwenda nyuma, kuna kitu kinacheza. Huenda ni klipu, vile vibati vyembamba vya chuma vinavyoshika masikio ya pedi. Wengi mnavitupa kwa sababu vimebaki mkononi na hamkumbuki vilikokaa. Huenda pia ni bolti ya kalipa haikukazwa. Hiyo ya pili usiiendeshe hata mpaka dukani. Zima gari, fungua gurudumu, angalia.

Na kama linasaga, chuma kwa chuma, mtetemo unaupata mpaka kwenye unyayo, simama hapo hapo. Siwezi kulieleza hili kwa upole.

Uliobaki ni ule mluzi wenyewe, mwembamba, unaotoka ukikanyaga kidogo na mara nyingine kupotea ukikanyaga sana. Huu ndio ninaotaka tukae nao, maana ndio unaowamaliza watu fedha.

Walimu, mnaijua chaki. Ukiishika kwa pembe fulani na kuiburuta ubaoni inapiga ukelele unaowasimamisha watoto nywele. Ubao ni mzima, chaki ni nzima. Kinachotokea ni kwamba chaki inanata, inaachia, inanata, inaachia, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, na ubao unatetemeka nayo. Mkiivunja chaki katikati au mkiiinamisha, inanyamaza. Pedi na diski ni hivyo hivyo. Pedi inanata na kuachia, diski inatetemeka kama kengele iliyogongwa, na kwa kuwa ni sahani kubwa ya chuma, mtaa mzima unasikia.

Kwa hiyo dawa ya mluzi ni kuuzuia mtetemo usianze, au ukianza usipite kwenda kwenye kalipa. Ndiyo maana pedi nzuri huja na kibati cha ziada mgongoni, chenye mpira au gundi. Sisi tunakiita shimu. Ndiyo maana pedi nyingine zimekatwa kingo zake kwa mshazari. Watu wanaitoa shimu wakidhani ni sehemu ya boksi. Nawaomba, kila kibati kilichokuja na pedi kina kazi, na kibati cha zamani kisitupwe mpaka umehakikisha kipya kipo.

Tuangalie hizi nilizokuja nazo. Pokea, mzee, halafu upitishe nyuma. Hizi ni pedi mbili za gurudumu moja, gari dogo la nyumbani. Mwenye gari alizifunga mwenyewe, zilikuwa na miezi minne tu. Ya nje bado ina nyama ya milimita nane au tisa. Ya ndani imebaki kama tatu, na tena haikuliwa sawa, pitisha kidole: upande huu nene, upande huu nyembamba, kama kabari. Mnaona kale kachuma kalikopinda pembeni? Hako kamewekwa na kiwanda makusudi. Pedi ikiisha kufika milimita mbili au tatu, kanagusa diski na kupiga mluzi ili kukuonya. Kwa hiyo mwenye gari alisikia mlio, akasema, "Pedi hizi ni feki, hata nusu mwaka hazijamaliza." Pedi hazikuwa feki. Kalipa ya namna hii ina pistoni upande mmoja tu, ule wa ndani. Pistoni inaisukuma pedi ya ndani, halafu kalipa yenyewe inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ile ya nje. Pini zikiganda, pedi ya ndani inafanya kazi ya watu wawili. Zake ziliganda. Nilipozitoa, moja ilibidi niizungushe kwa plaiz kwa dakika kumi.

Kwa nini ziliganda? Hapa niseme la kwangu, maana nami nimewahi kulifanya, na nilikuwa nimekwisha kuitwa fundi. Nilibadilisha pedi za gari letu la nyumbani, nikazitoa pini vizuri, nikazifuta, nikazipaka grisi. Grisi ile ya kawaida, ya kupaka kwenye jointi za chini ya gari, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye kopo. Grisi ile inatokana na mafuta ya petroli, nayo mpira wa kalipa haupatani nayo, unavimba. Wiki ya tatu tukawa tunashuka kwenda Tukuyu, mke wangu na wanangu wawili nyuma. Tulipopita Isyonje nikaanza kusikia mluzi mwembamba upande wa kushoto. Nikajiambia ni pedi mpya, zitazoea. Baada ya muda harufu ikaingia ndani, ile harufu kama ya kitambaa kinachoungua chini ya pasi. Mwanangu mdogo ndiye aliyesema, "Baba, kuna kitu kinaungua." Niliposimama, gurudumu la kushoto lilikuwa linatoa joto unalisikia usoni kabla hujainama. Pini ilikuwa imenaswa kwenye mpira uliovimba, pedi haikuachia hata mita moja tangu tulipoanza kushuka.

Tulikaa pale pembeni karibu saa nzima breki zipoe. Niliwatazama watoto wanakula mahindi ya kuchoma, sikuweza kula. Tangu siku ile sijafunga kalipa bila kuzitoa pini, na sijampa mtu gari huku nikimwambia "zitazoea" kabla sijajua kinacholia ni nini.

Kwa pini mnunue grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Kopo dogo linatosha magari ya ukoo mzima. Pini zikitoka zifutwe mpaka zing'ae, matundu yake yasafishwe, mipira ikaguliwe haijapasuka, kisha grisi nyembamba. Ukishafunga, isukume kalipa kwa mkono mmoja, iende na irudi bila kupigana nawe. Masikio ya pedi na mgongo wake pale pistoni inapogusa, paka grisi ya breki inayovumilia joto, kidogo sana. Kwenye uso wa pedi na uso wa diski isiguse kabisa. Ikigusa pedi, pedi hiyo imekufa, usijaribu kuichoma kwa moto kama nilivyoona watu wanafanya.

Jambo jingine linalosahaulika ni pale masikio ya pedi yanapokaa. Chini ya zile klipu kutu inajijenga taratibu, inaziinua, pedi inabana. Mtu akiona pedi haiingii anachukua nyundo. Pedi inatakiwa iingie kwa vidole. Ukihitaji nyundo, ama kutu ipo, ama hukupewa pedi ya gari lako. Toa klipu, piga brashi ya waya, futa, rudisha. Duka la spea likikupa pedi, iweke ya zamani juu ya mpya kabla hujatoka pale: umbo la bati la nyuma, masikio, mahali kale kachuma ka onyo kalipo. Pedi za ndani na za nje mara nyingi hazifanani, na ukizibadilishana kachuma kanaweza kugusa diski siku ya kwanza.

Diski je? Ipime. Nyingi zimeandikwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, herufi zimegongwa kwenye chuma, futa kutu utaziona. Kisha pitisha ukucha kutoka katikati kwenda ukingoni. Diski iliyotumika muda mrefu huacha ukingo uliosimama pale pedi ya zamani ilipoishia. Pedi mpya ikiwa pana kidogo inapanda juu ya ukingo ule na kuimba. Fundi wa mashine anaweza kuichonga kama unene bado upo, la sivyo nunua mpya, tena mbili, kushoto na kulia. Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa dawa ya breki au maji ya moto na sabuni, uikaushe. Wapo wanaoifunga hivyo hivyo, mafuta yanaingia kwenye pedi, halafu anayelaumiwa ni mwuza duka. Na kabla ya kuivisha, kwangua kutu kwenye uso wa habu, pale diski inapokaa. Punje ya kutu pale inaiinamisha diski kiasi usichokiona kwa macho, lakini pedali itakutetemekea mguuni.

Wenye dramu nyuma, yaani bakuli la chuma badala ya diski, sitakaa sana. Breki shuu, zile zilizopinda zinazokaa ndani ya dramu, zikilia baada ya kubadilishwa, mara nyingi springi zimevishwa vibaya, au zile sehemu ambazo shuu inateleza juu ya bati hazikupakwa grisi. Fungua upande mmoja kwa wakati, upande wa pili ubaki kama ramani yako. Na vumbi la breki, la dramu au la diski, msilipulizie kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi za zamani nyingine zilikuwa na asbesto, nayo inaharibu mapafu. Lowanisha, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Umefunga kila kitu. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kaa kwenye kiti ukanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ulipoirudisha pistoni ndani uliacha nafasi. Kanyago la kwanza halikamati kitu, na wapo walioingia ukutani mwao wenyewe kwa sababu hiyo. Angalia na kichupa cha mafuta ya breki, huenda yamepanda mpaka yanamwagika. Yanakula rangi ya gari.

Halafu pedi zifundishwe. Uso wa pedi mpya na uso wa diski havijajuana, vinagusana kwa vilele tu, ndiyo maana siku za mwanzo mlio mdogo si ajabu. Tafuta kipande kilichonyooka, kisicho na makazi wala magari mengi. Watu wa Mbeya mnaweza kwenda upande wa Igurusi na Chimala asubuhi mapema Jumapili. Fika kasi ya kilomita 50 kwa saa, punguza kwa breki kwa mkazo wa kati mpaka kama 10, usisimame kabisa. Achia, endesha kidogo zipoe, rudia. Mara nane au kumi. Ukimaliza endesha bila kukanyaga sana dakika chache, na ukifika usiegeshe huku umekaza breki ya mkono zikiwa bado za moto. Kisha kilomita mia mbili za mwanzo uwe mpole nazo. Msizifundishie pedi mpya kwenye mteremko wa Kyela wala Kitonga. Pale zinaungua kabla hazijakaa, uso unang'aa kama kioo, unalia na haushiki. Miteremko ile ni ya gia ya chini. Injini ishike gari, breki zisaidie.

Na yule anayemwaga maji kwenye magurudumu ya moto baada ya Kitonga, nakuomba uache. Diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupasuka.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kuhusu mlio wa asubuhi. Huku kwetu Juni na Julai, na Makete ndiyo usiseme, umande unalala kwenye diski na kuifanya kutu nyembamba ya rangi ya chungwa. Kanyago mbili tatu za kwanza zinakwaruza, kisha kimya. Huo uache. Ukiendelea hata breki zikiwa zimeshapata moto barabarani, hapo tuzungumze.

Ukishindwa kujua gurudumu gani linalia, pita polepole kando ya ukuta mrefu, kioo kikiwa chini. Ukuta unakurudishia sauti, kwanza upande huu, kisha ugeuze upande wa pili. Au endesha kilomita chache bila breki kali, simama, usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Linalochoma kuliko mwenzake lina breki isiyoachia. Na gari likivuta upande mmoja ukikanyaga, au pedali ikazama, acha uchunguzi wa nyumbani. Mwite fundi aje lilipo gari.

Nje kuna Noah nyeupe, mwenyewe yuko hapa na ameniruhusu. Alibadilisha pedi za mbele mwezi uliopita, inalia ikirudi nyuma tu, ikienda mbele iko kimya. Nimeshaipandisha kwenye stendi, magurudumu ya mbele yako nje. Sijaigusa kalipa. Nataka ninyi mniambie mnaona nini kwenye zile klipu. Anayekaa karibu na dirisha achukue tochi ile, akina mama mtangulie mbele, twende.